Aina ya Poka Inayolipa na Namna ya Kuipima

Poka ni ukoo wa michezo ya karata. Wanaukoo wote hufanana kwa mambo mawili: mikono ya karata ina ngazi zinazojulikana, na pesa huingizwa katikati ya meza kwa awamu kabla ukweli haujafunuliwa. Baada ya hapo kila mmoja ana tabia yake. Texas Hold'em humpa mchezaji karata mbili za siri, na karata tano za pamoja hufunuliwa mezani. Omaha humpa nne za siri. Stud haina karata za pamoja kabisa, Draw huruhusu kubadilisha karata, na Razz humpa ushindi mwenye mkono mdogo kuliko wote. Anayetaka kucheza kwa faida hujiuliza ni upi kati ya hiyo unaolipa zaidi, na mara nyingi huuliza kana kwamba faida imo ndani ya kanuni za mchezo kama sukari ilivyo ndani ya muwa. Pesa ya mshindi hutoka kwa mchezaji mwenzake aliyekosea, na kabla haijamfikia, mwenye nyumba ameshakata chake. Vya kupimwa basi ni vinne: ukubwa wa makosa ya wapinzani, ukubwa wa makato, idadi ya migao kwa saa, na jinsi matokeo yanavyoyumba. Aina ya mchezo hugusa vyote vinne, ila si kwa kiasi sawa.

Hesabu hiyo inaitoa nje mara moja michezo inayobeba jina la poka huku mpinzani akiwa ni kasino yenyewe. Katika Caribbean Stud nyumba ina faida ya zaidi kidogo ya asilimia 5 ya dau la kwanza. Katika Three Card Poker ni kama asilimia 3.4. Mashine za poka ya video zina nafuu, kwani ile iitwayo Jacks or Better, yenye jedwali bora la malipo, hurudisha asilimia 99.54 kwa anayecheza bila kosa lolote, lakini hata hiyo inabaki chini ya 100. Anayeingia kasino ya Nairobi au Dar es Salaam na kuulizia poka anaweza kuelekezwa kwenye meza za namna hii, na hapo ustadi humpunguzia hasara tu. Kipimo chake ni chepesi: mgawaji akijipa karata na kuzicheza, mchezo huo haumhusu mtafuta faida. Poka yenye faida ni ile ambayo mgawaji anagawa tu, na wachezaji wanakulana wenyewe kwa wenyewe.

Makato ndiyo wachezaji wapya huyadharau kuliko kitu kingine, ingawa ndiyo pekee yanayojulikana kwa hakika kabla mtu hajavuta kiti. Chukua meza ya watu tisa yenye madau ya lazima ya dola 1 na dola 2, inayogawa mara 30 kwa saa, ambapo nyumba hukata asilimia 10 ya kila fungu, yaani pesa iliyokusanyika katikati ya meza, hadi kikomo cha dola 5. Wastani wa makato ukiwa dola 4 kwa mgao, dola 120 zinaondoka mezani kila saa, yaani dola 13 na ushei kwa kila kiti. Zikipimwa kwa dau kubwa la lazima, kipimo ambacho wachezaji hukitumia kwa kila kitu, hizo ni madau zaidi ya 6 kwa saa, au takriban 22 kwa kila migao 100. Mchezaji wa mtandaoni anayebakiwa na madau 5 kwa migao 100 huhesabiwa kuwa ni hodari. Maana yake, wageni wa meza hiyo ya dola 1 na 2 wanapaswa kuwa wabovu kweli kweli ili aliye bora abaki na kitu. Watu wale wale wakihamia dola 2 na 5, kikomo kikabaki dola 5, mzigo wa kila kiti unashuka hadi madau 9 hivi kwa migao 100. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko ile ambayo wengi hupata kwa kuhama kutoka mchezo mmoja kwenda mwingine, na kwa sababu hiyo ngazi ya madau inastahili kuchunguzwa kabla ya jina la mchezo.

Aina ya mchezo inaingia katika hesabu ya makato kwa mlango wa nyuma. Kumbi nyingi hazikati chochote mgao ukiisha kabla ya karata za pamoja kufunuliwa. Katika Hold'em migao mingi huishia hapo: mmoja anaongeza dau, wengine wanatupa. Katika Omaha watu wana karata nne, kila mmoja anaona tumaini, na mafungu yanayokatwa huwa mengi zaidi. Mambo hugeuka pale nyumba inapotoza kwa muda, yaani kiasi maalumu kwa kila kiti kila nusu saa. Hapo fungu kubwa halina gharama ya ziada, na mchezo wenye vurugu ndio unaofaa.

Texas Hold'em isiyo na kikomo cha dau ndiyo inayopatikana karibu kila mahali penye poka, na upatikanaji ni nusu ya faida. Bunge la jimbo la Texas liliutambua mwaka 2007 mji mdogo wa Robstown kuwa ndiko ulikozaliwa mchezo huu, lakini dunia iliujua hasa mwaka 2003. Mwaka huo Chris Moneymaker, mhasibu kutoka Tennessee aliyepata nafasi kupitia shindano dogo la mtandaoni, aliwashinda wengine 838 katika shindano kuu la World Series of Poker huko Las Vegas, akaondoka na dola milioni 2.5. Umati uliofuata ulijaa watu walioamini kwamba wao nao wanaweza, na kwa miaka kadhaa mwenye kujua hesabu za msingi tu alivuna bila jasho.

Enzi hiyo mtandaoni imekwisha, na sababu zake zinaeleweka. Hold'em ina mikono ya kuanzia 1,326, ambayo ukipuuza tofauti za alama inabaki 169. Ni idadi ambayo mtu mwenye bidii anaweza kuikariri yote: upi wa kucheza, akiwa kiti gani, dhidi ya nani. Januari 2017 programu iitwayo Libratus, ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, iliwashinda wachezaji wanne wa kulipwa mmoja mmoja katika migao 120,000. Programu za kufundishia zinazotumia hesabu za aina hiyo zinauzwa kwa yeyote. Matokeo yake, mtandaoni hata kwenye madau ya wastani mchezaji hukutana na watu waliosoma kitabu kile kile, na wanachogombania ni kipande chembamba ambacho makato hukiramba karibu chote.

Kwenye kumbi za ana kwa ana hali ni nyingine. Ijumaa usiku meza ya Hold'em ya madau madogo hujaa watu waliotoka kazini, wanaotaka kucheza na si kusubiri. Wanaingia na karata yoyote yenye picha, wanafuata dau hadi karata ya mwisho kwa jozi ndogo, na hawapendi kuamini kwamba mwenzao aliyeongeza dau mara tatu anazo kweli. Dhidi yao kupiga mkwara hakuna faida. Kinacholipa ni kungoja mkono mzuri na kuweka pesa nyingi. Hold'em humlipa vizuri anayefanya hivyo, kwa sababu tofauti kati ya mikono ni kubwa tangu mwanzo: jozi ya ree hushinda kiasi cha asilimia 85 dhidi ya mkono wowote mmoja wa kubahatisha, na hata jozi ya wafalme, mkono wa pili kwa ubora, huishinda jozi ya ree chini ya mara moja katika tano.

Nguvu hiyo ndiyo pia udhaifu wa Hold'em kama chanzo cha mapato. Mgeni hupoteza haraka, na anajua kwamba amepoteza. Usiku wa tatu anasoma, au harudi.

Omaha yenye kikomo cha fungu hufanya kazi kinyume. Ina karata nne mkononi, mikono ya kuanzia 270,725, na sheria ambayo wageni huisahau hata baada ya miezi: mchezaji lazima atumie karata mbili za mkononi mwake na tatu za mezani, si zaidi, si pungufu. Mwenye ree ya shupaza peke yake mkononi, huku shupaza nne zikiwa mezani, hana karata tano za alama moja, ingawa macho yanamwambia anazo. Makosa mengine hayaonekani upesi kama hilo. Karata nne hufanya jozi sita tofauti, kwa hiyo karibu kila mkono unafanana na kitu, na aliyetoka Hold'em anauthamini kupita kiasi. Mfululizo mdogo au alama moja ya karata ndogo, mikono ambayo Hold'em ingeilipa, huku huwa ni mitego: watu watano wakiwa bado wamo, mwenye mkono bora kabisa kwa kawaida yupo. Jozi ya ree yenye karata mbili za pembeni zisizohusiana inaweza kushuka hadi karibu nusu kwa nusu dhidi ya mkono wa karata nne zinazofuatana.

Ukaribu huo wa mikono kabla ya karata za pamoja ndio unaompa mgeni usiku wake wa furaha. Anapoteza kwa mwaka mzima, lakini katika mwaka huo ameshinda mara nyingi, na anakumbuka ushindi. Pesa yake kubwa hutoka baadaye katika mgao, anapofuata madau akitafuta karata ambayo hata ikija haitamfanya wa kwanza. Kwa mchezaji mvumilivu anayetupa mikono mingi na kutafuta tu ile inayoweza kuwa bora kuliko yote, meza ya Omaha yenye wapenda msisimko wawili watatu ina faida kuliko meza ya kawaida ya Hold'em iliyo jirani. Kumbuka pia kwamba mafungu yake ni makubwa kuliko madau yanavyoonyesha. Kwenye meza ya dola 1 na 2 mchezaji wa kwanza anaweza kuongeza hadi dola 7 tu, lakini kila raundi kikomo hukua pamoja na fungu, na watu wanne wakifuata, dola 200 zinaweza kuingia zote kabla ya karata ya tano.

Gharama ya hayo ni kuyumba. Katika Hold'em ya meza ya watu sita matokeo huyumba kwa kipimo cha madau 90 hivi kwa kila migao 100. Katika Omaha yenye kikomo cha fungu kipimo hicho ni kama 140. Namba hizi zinaonekana kavu mpaka ziwekwe kwenye kalenda. Mchezaji wa Hold'em mwenye faida ya kweli ya madau 5 kwa migao 100 ana nafasi ya asilimia 29 hivi ya kuwa bado yuko kwenye hasara baada ya migao 10,000. Ukumbini, kwa migao 30 kwa saa, hiyo ni zaidi ya saa 330. Mwenye faida hiyo hiyo katika Omaha ana nafasi ya asilimia 36. Baada ya migao 100,000 nafasi ya kuwa kwenye hasara ni asilimia 4 kwa Hold'em na karibu 13 kwa Omaha. Ili Omaha iwe na hatari sawa na Hold'em inayolipa madau 5, inabidi ilipe karibu 8. Ikilipa 10, jambo linalowezekana kabisa kwenye meza mbovu, basi ni bora kwa kila kipimo. Ikilipa 6, anayeishi kwa pesa hiyo atalala vizuri zaidi akibaki Hold'em, japo faida yake kwa karatasi ni ndogo.

Mtaji hufuata kuyumba huko. Kawaida iliyozoeleka ni kutenga viingilio 30 hadi 50 kwa Hold'em, kila kimoja kikiwa cha madau 100, na mara mbili ya hapo kwa Omaha. Mwenye dola 4,000 anaweza kukaa kwenye Hold'em ya kiingilio cha dola 100 bila hofu. Katika Omaha ya ngazi hiyo hiyo anatembea ukingoni, na kwa busara angeshuka ngazi moja. Swali la aina gani inalipa zaidi lina jibu tofauti kwa watu wawili wenye ustadi sawa na mifuko tofauti.

Omaha ya kugawana, ambamo nusu ya fungu huenda kwa mkono mkubwa na nusu kwa mkono mdogo wa karata tano tofauti zisizozidi 8, ina chanzo chake cha faida ambacho hakipo kwingine. Wageni huingia wakitafuta nusu. Mwenye ree na mbili hupata mkono mdogo bora, anafuata kwa furaha, kisha anakuta mwenzake naye ana ree na mbili, na nusu yao inagawanywa tena. Watatu wakiwa wameweka dola 100 kila mmoja, robo ya fungu ni dola 75: ameshinda, na amepoteza dola 25. Anayeingia tu na mikono inayoweza kuchukua pande zote mbili huishi kwa makosa ya namna hiyo. Kasoro ni kwamba mgao huchukua muda mrefu, mgawaji anapogawa vipande, na nyumba hukata fungu lote wakati mshindi mara nyingi anarudishiwa pesa yake mwenyewe.

Michezo yenye kikomo cha dau kisichobadilika imepoteza umati, na haishangazi. Kosa moja katika Hold'em ya kikomo hugharimu dau moja, si mtaji mzima, hivyo mnyonge huisha polepole na hodari hupata kidogo. Januari 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta nchini Kanada walitangaza kwamba Hold'em ya kikomo ya watu wawili imekwisha kupatiwa ufumbuzi kwa vitendo: programu yao, Cepheus, inakaribia ukamilifu kiasi kwamba mtu angeicheza maisha yake yote asiweze kuthibitisha kuwa anaishinda. Kuitafutia riziki mtandaoni ni kupanda mbegu kwenye saruji. Stud ya karata saba, iliyokuwa mfalme wa kumbi nyingi za Marekani kabla ya Hold'em, sasa hupatikana hasa ndani ya michezo mchanganyiko kama HORSE, ambapo aina tano hubadilishana kwa zamu. Katika Stud kila karata iliyowahi kufunuliwa na kutupwa ni habari, na anayezikumbuka ana faida isiyoweza kununuliwa kwa programu, kwani wengi hawazikumbuki.

Michezo mchanganyiko ina mvuto mmoja mahususi kwa mtafuta faida. Karibu kila mtu mezani ana aina moja asiyoijua, na anakaa hata hivyo kwa sababu ya zile nne anazozijua. Aliyejifunza Razz kwa wiki mbili kwa makini huenda ndiye bora mezani zamu ya Razz inapofika. Ugumu ni kupata meza yenyewe. Nje ya miji kama Las Vegas na Los Angeles huwa chache, na zinazoendeshwa mara kwa mara mara nyingi ni za madau makubwa na za watu wanaofahamiana.

Short Deck, inayochezwa kwa karata 36 baada ya kutoa mbili hadi tano, inastahili maneno machache. Ngazi za mikono zimebadilika: karata tano za alama moja hushinda mkono wa tatu zinazofanana na jozi. Anayetafuta mfululizo kwa pande zote mbili baada ya karata tatu za pamoja huupata kwa asilimia 46 hivi, badala ya 31 ya karata kamili. Wageni hufikiri kwa namba za zamani, na humo ndimo pesa ilimo. Tatizo ni kwamba meza ni adimu.

Mashindano ni jambo la peke yake, kwani ndiyo yenye wachezaji dhaifu wengi kuliko meza za pesa taslimu na ndiyo yanayoyumba kuliko zote. Shindano kuu la World Series la mwaka 2023 lilikuwa na washiriki 10,043, na mshindi alipata dola milioni 12.1. Mashindano makubwa ya aina hii hulipa kama asilimia 15 ya washiriki, kwa hiyo hata hodari huondoka mikono mitupu mara nyingi mno. Viingilio 100 au 200 vya akiba ni kiwango cha chini. Kodi nayo huuma zaidi hapa, popote inapotozwa kwenye ushindi bila kuondoa hasara yote. Marekani, kuanzia mwaka 2026, mchezaji anaruhusiwa kukata asilimia 90 tu ya hasara zake, hivyo aliyeshinda dola 100,000 na kupoteza 100,000 atahesabiwa kuwa na mapato ya 10,000 ambayo hakuyaona. Yale mashindano ya haraka ya watu watatu yenye zawadi ya bahati nasibu ni bora kuyaacha. Muda wake ni mfupi mno kwa ustadi kuonekana, na sehemu kubwa ya ustadi huo huliwa na makato.

Uamuzi wa mwisho hufanywa kwa meza iliyopo. Kabla ya kukaa, dakika 20 za kutazama hutosha kuhesabu mambo mawili: wangapi wanaona karata za kwanza za pamoja, na mikono gani inaonyeshwa mwishoni. Wanne au watano wakiona karata hizo katika Hold'em ya watu tisa, na mshindi akionyesha jozi ndogo aliyoifuata njia nzima, meza hiyo ni bora kuliko Omaha yoyote ya watu wagumu. Kisha ziwekwe kumbukumbu: tarehe, aina ya mchezo, madau, saa, matokeo. Kila aina iwe na ukurasa wake, kwa sababu faida ya Omaha ikichanganywa na ya mashindano haifundishi kitu. Saa 50 hazithibitishi lolote, lakini saa 300 huanza kuonyesha mwelekeo, hasa hasara ikiwa kubwa na ya kudumu.

Mwishoni huja suala la wingi wa saa. Ukumbi ukiwa na Omaha tamu inayomlipa mchezaji dola 30 kwa saa, lakini inachezwa Alhamisi pekee kwa saa tano na hufungwa mara wale wawili wanaopoteza wakienda nyumbani, wiki yake ni dola 150. Hold'em ya jirani inayolipa dola 15 na kuendeshwa saa 30 kwa wiki ni dola 450. Mchezaji mwenye akili ya biashara hucheza Hold'em juma zima, huandikisha jina lake mapema kwenye orodha ya Alhamisi, na hukaa Omaha mpaka wale wawili wainuke.